Hewa, Chokaa na Mti: Usanifu wa Ndani ya Nyumba za Mwambao

Usanifu wa ndani unaojali mazingira, yaani upangaji wa vyumba, kuta, sakafu na samani kwa namna inayopunguza matumizi ya nishati bila kudhuru afya ya wakaaji wala viumbe wengine, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba huanzia dukani. Mhadhara huu unashikilia kwamba katika mwambao wa Afrika Mashariki huanzia kwenye ramani ya nyumba, kwa kuwa kiyoyozi kinachofungwa katika chumba kisichopitisha hewa hushinda kutwa kikipambana na kosa lililofanywa kabla ya msingi kuchimbwa.

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, unaonyesha jambo hilo waziwazi. Vyumba vya nyumba zake za mawe, ambavyo ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, hupangwa sambamba kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, kupitia misana, yaani kumbi zinazofuatana, hadi chumba cha ndani kabisa, na kila hatua ya kuingia hupunguza mwanga mkali na joto. Kuta zenye unene wa karibu nusu mita hupokea joto la mchana polepole, na usiku, hewa iliyopoa inapotua uani, huliachia tena. Hata zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani na kunakshiwa kwa lipu ya chokaa, vilikuwa pambo na mahali pa kuwekea vyombo kwa pamoja, bila kuhitaji mbao za kabati.

Chokaa yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini. Lipu yake ina vitundu vidogo vinavyoruhusu unyevu kutoka ukutani kwa njia ya mvuke, ilhali saruji huufungia ndani, na kwa kuwa mawe ya matumbawe ya kuta hizo hubeba chumvi, unyevu uliozuiwa huisogeza chumvi hiyo hadi lipu ikabanduka vipande vipande. Ndiyo maana ukarabati wa saruji katika nyumba kongwe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ingawa hufanywa kwa nia njema, huharakisha uharibifu uliokusudiwa kuzuiwa. Rangi ya mafuta na vigae vya ukutani vina athari hiyohiyo.

Hata hivyo, kuiga nyumba hizo kwa kila kitu kungekuwa kosa kubwa. Matumbawe laini ya kuchongea nakshi yalikatwa yakiwa hai baharini, matanuri ya chokaa yalikula kuni nyingi, na boriti zilitoka katika misitu ya mikoko, ambayo huzuia mmomonyoko wa fukwe, hulea samaki wachanga na kuhifadhi kaboni nyingi katika tope lake. Kinachofaa kurithiwa ni utendaji wa nyumba. Vifaa vyake vinaweza kubadilishwa. Mvinje, ambao mtaalamu wa kilimo Rene Haller aliupanda kuanzia mwaka 1971 katika machimbo yaliyoachwa ya Bamburi, Mombasa, mahali pasipokuwa na udongo, hutoa nguzo nzuri baada ya miaka michache tu, na shina la mnazi uliozeeka, usiozaa tena, hutoa mbao ngumu za samani.

Chaguo hilo la mbao ni suala la afya pia. Samani nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi yenye fomaldehidi, kemikali ambayo huvuja hewani taratibu, hasa penye joto na unyevu, na ambayo mwaka 2004 wataalamu wa wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani waliithibitisha kuwa chanzo cha ugonjwa huo kwa binadamu. Chumba kilichofungwa madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi huihifadhi hewa hiyo. Kwa msingi huo, mjenzi wa fleti za Mombasa au Dar es Salaam mwenye fedha za jambo moja tu angezitumia vyema kwa kuweka madirisha katika kuta mbili zinazotazamana, pamoja na matundu ya hewa juu ya milango ya vyumba, kabla ya kufikiria dari ya jasi au zulia.