Viatu vya Kukimbilia na Daftari la Mazoezi

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya Mbulu na Hanang, leo shikeni penseli tangu mwanzo, maana somo letu laanzia miguuni.

Wengi wenu mna kijana anayekimbia. Amechaguliwa kwa mashindano ya shule, naye amerudi nyumbani akitaka viatu. Nanyi mwasema: siku ya mnada tutauza mbuzi, tununue. Ngojeni kidogo. Mbuzi akishauzwa harudi, na kiatu kibaya chaweza kumharibia kijana goti.

Mwaka 1960, huko Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alijaribu viatu vipya vikamwuma. Kwa kuwa alizoea kufanya mazoezi bila viatu, aliviacha, akakimbia kilomita 42 pekupeku, akashinda. Mwaka 1964, huko Tokyo, alivaa viatu akashinda tena. Basi viatu si vibaya. Bali siku ya mashindano usivae kitu ambacho mguu haujakijua.

Nanyi mnaye wa kwenu, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Kila mtu hueleza jinsi alivyoanguka huko Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akamaliza wa mwisho huku amefungwa bendeji. Habari hiyo ni nzuri. Lakini mimi naipenda zaidi ile ya mwaka 1970 huko Edinburgh, ambayo watu huisahau: katika Michezo ya Jumuiya ya Madola alikuwa wa 5, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Mwelezeni kijana hiyo pia, asidhani sifa ya mkimbiaji ni kuchechemea.

Sasa penseli. Mwambieni kijana asimame juu ya karatasi wakati wa jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Asimame, asikae, maana uzito wa mwili huutanua mguu. Penseli iwe wima, izunguke mguu wote. Fanyeni hivyo kwa miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Kateni karatasi ya ule mkubwa, mwende nayo mnadani.

Huko msiamini namba pekee. Viatu vya mitumba hutoka nchi nyingi, na namba 8 ya Uingereza ni karibu na 42 ya nchi nyingine za Ulaya. Ingizeni karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisha kiwekeni kiatu mezani, mkitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, mwenyewe wa kwanza amekwisha kukilemaza. Kiacheni, hata kama kimeoshwa kinang'aa. Wauzaji wetu ni hodari sana wa kuosha! Bonyezeni na soli kwa kidole. Ikiwa ngumu kama ubao, haitamsaidia kijana kwenye mawe.

Viatu vikishapatikana huja kosa jingine. Kijana hukimbia kwa nguvu zote siku 3, kisha hulala juma zima. Siku nyingi akimbie polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzake. Siku moja apande kilima. Siku moja apumzike kabisa. Viatu vipya avivae kwanza kwa safari fupi, mpaka malengelenge yasitoke.

Na hapa ndipo kusoma kwenu kunapofaa. Wekeni daftari. Kila jioni andikeni tarehe, alikotoka, alikofika, na alivyojisikia. Kwa mfano:

"Jumatatu. Nyumbani mpaka kisimani, mara 2. Polepole. Goti la kushoto lauma kidogo."

Kijana akiona uvivu kuandika, mama aandike. Kijana husahau maumivu ya juzi, hasa mashindano yakikaribia, daftari halisahau. Mkiona neno "lauma" siku 3 mfululizo, asikimbie, apelekwe zahanati.

Kazi ya juma hili: kila mmoja achore mguu wa mtu mmoja wa nyumbani kwake, aandike jina na tarehe juu ya karatasi, amwonyeshe mwalimu wa darasa. Kwa herini.