Moto inayolala nyumbani: namna ya kuilinda

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa chama, hapa Muheto. Tumeyaandika karibu sawa na yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Leo hatukuja kuandika majina ya msaada. Tunasema hivyo mwanzoni ili mtu asikae hapa akingojea jetoni, kisha arudi nyumbani na hasira. Chama kilituomba tuzungumze juu ya kitu kimoja tu: moto inayolala nyumbani, na namna ya kufanya ili kukicha iwe ingali pale pale.

Kuna wengine watasema: mbona mambo ya moto, na bado nyumba zetu hazina mabati? Swali ni zuri. Tulijibu pamoja. Wengi wenu mulirudi tangu kambi za upande wa Goma, Bulengo, Lushagala na zingine, zilipoondolewa mwezi wa pili 2025. Mulikuta mbao zimebomolewa, shamba limekuwa pori, ng'ombe hayupo. Mwenye kupata kidogo, awe ameuza kipande cha shamba ao amesaidiwa na ndugu, alinunua moto. Na benki nyingi za Goma zilifunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kwa hiyo pesa ya watu haikuwa na pa kulala. Njo maana pesa imekuwa chuma. Hapa kwetu moto njo benki.

Tena haiko benki ya mtu mmoja. Kwa moto moja kuna mwenyewe, kuna motari anayeiendesha, kuna fundi, kuna mama ambaye maharagi yake yanafika sokoni juu ya kiti cha nyuma. Na usiku mwanamke akishikwa na uchungu, hakuna gari litakalokuja kumtafuta katika haya matope. Ni moto itamfikisha hospitali kuu ya Masisi. Kwa hiyo moto ikiibiwa, musihesabu nyumba moja. Hesabuni nyumba tano, sita.

Sasa tuingie ndani ya jambo.

Kwanza tuelewe mwizi anafanya kazi namna gani. Mwizi wa usiku hawashi moto mbele ya mlango wako. Hana haja ya kelele. Anaisukuma. Na sisi tunaishi juu ya milima, kila parseli iko na mteremko wake. Anaitoa taratibu, anaipandisha barabarani, inateremka yenyewe kama chukudu, na sauti ya kwanza ya injini inasikika mbali, pale ambapo wewe ukiisikia unafikiri ni mpita njia. Kwa hiyo kuondoa funguo peke yake haitoshi. Kuondoa batri haitoshi: umelinda batri, haukulinda moto. Sheria ya kwanza ni hii: mpira usizunguke.

Namna ya kuzuia mpira usizunguke ziko tatu, na zinasaidiana.

Ya kwanza haina bei: funga usukani. Kata usukani mpaka mwisho upande wa kushoto, sukuma funguo ndani, zungusha, kisha jaribu kuurudisha. Usipokubali, umefunga. Moto nyingi zinazofika kwetu ziko na hiyo nafasi, lakini tunaona wengi hawaitumii juu imejaa matope. Muombe fundi aisafishe, aweke tone la mafuta. Lakini musilale juu ya hiyo peke yake. Kijana mwenye nguvu anaweza kuuvunja, ao watu wawili wanaibeba moto mbele na nyuma kama mgonjwa.

Ya pili ni sheni na kadena. Hapa kuna makosa mengi. Sheni isipite tu katikati ya nyuzi za mpira, maana nyuzi zinakatwa. Ipite kwenye mpira wa nyuma na kwenye chuma kikubwa cha shasi. Isiwe ndefu ikalala chini, maana mwizi anaiweka juu ya jiwe na kuipiga kwa nyundo. Iwe fupi, iwe imekaza, ikae juu mbali na udongo. Na tundu la kadena litazame chini, mvua isiingie. Kadena ya bei ndogo kabisa inafunguka kwa pigo moja. Ni afadhali kununua moja nzuri kuliko tatu za kubadilisha.

Ya tatu njo wengi wanasahau: ile sheni imefungwa juu ya nini? Tumeona moto zimefungwa kwenye ubao wa nyumba. Ubao unashikwa na misumari miwili! Mwizi anang'oa ubao, anaenda na moto, sheni na ubao wako. Musifunge hata kwenye muti mdogo wa uzio. Fanyeni hivi: chimba shimo la kina cha mkono mzima, kutoka bega mpaka vidole. Ingiza ndani kipande kinene cha feri ya ujenzi kilichokunjwa juu kama pete, na chini uache miguu miwili imepanuka ili kisivutike. Jaza mawe, mimina saruji, acha ikauke siku kadhaa. Asiye na saruji atafute gogo nene la mukaratusi, alipake mafuta machafu ya injini upande unaoingia udongoni, asukume ndani msalaba wa chuma ao wa muti mgumu, kisha ashindilie mawe. Hiyo kazi ni ya siku moja kwa watu wawili, na fundi wa mbao anaijua.

Kisha kuna kelele. Mwizi anaogopa kelele kuliko kadena. Kamba nyembamba kutoka kwenye moto mpaka kwenye mikebe mitupu ndani ya nyumba: ikivutwa, mikebe inaanguka. Wazee wetu walifanya hivyo kwa ajili ya ng'ombe na nguruwe pori. Mbwa, vilevile. Taa ndogo ya jua inasaidia ikiangaza moto, lakini ikiangaza mlango wako na moto ibaki gizani, umemsaidia mwizi kukuona.

Mwisho ni injini. Funga robine ya esansi. Mwizi akiwasha, itatembea kidogo kwa esansi iliyobaki chini, kisha itazima njiani. Hiyo haimzuii mwenye akili, lakini inampotezea dakika, na dakika za usiku ni nyingi. Wengine wanaondoa buji na kulala nayo. Ni sawa, lakini lile tundu lizibwe na kitambaa safi, la sivyo vumbi litaingia na utajiharibia injini wewe mwenyewe.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotutia woga kuliko mwizi. Wengi munaingiza moto ndani ya nyumba, pale watoto wanapolala. Tunaelewa sababu. Hatuwezi kuwaambia muiache nje wakati hamuna uzio. Lakini esansi inatoa hewa inayoshika moto wa kuni mbali na tangi yenyewe, na hewa hiyo ni nzito, inatambaa chini, pale pale mkeka unapokaa. Nyumba ni ya mbao, ao ni ya shitingi. Kwa hiyo mwenye kuiingiza ndani afuate mambo matano. Moja: injini ipoe kwanza nje. Mbili: robine ifungwe na kizibo cha tangi kikazwe. Tatu: mbabula, mshumaa na taa ya petroli visikae katika chumba kile. Ne: bidoni ya esansi isilale ndani hata usiku mmoja. Tano: moto isikingame mlangoni. Kama kuna hatari usiku, na munajua wenyewe hatari gani, watu wote wanapaswa kutoka mbio bila kuhangaika na usukani. Na musiwashe injini ndani hata kidogo, hata kwa kuipasha asubuhi. Moshi wake unaua mtu akiwa usingizini, bila kukohoa.

Kuna ulinzi mwingine ambao hauko wa chuma. Ni wa karatasi. Waswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila moto iko na namba ya shasi, imepigwa juu ya chuma cha shingo, karibu na usukani, na namba ingine juu ya injini. Futeni matope, musome, muandike katika kaye. Mupige foto ya moto, foto ya namba, foto ya karti rozi ao ya karatasi ya kununulia. Foto ile musiiache katika simu yako tu, maana siku ya kukimbia simu pia inapotea. Mutumie ndugu aliye mbali, na mwandishi wa chama abaki na namba katika kitabu chake. Mwenye kununua kwa mtu bila karatasi, aandikishane naye mbele ya chefu na mashahidi wawili. Leo, haiko kesho.

Tunatia nguvu kwa hilo juu ya sababu moja. Wakati wa kukimbia, moto nyingi zilibaki nyuma. Zingine zilifichwa, zingine zilichukuliwa, zingine ziliuzwa mara mbili, mara tatu. Leo mtu anarudi, anaona barabarani moto yenye kiti kama kile chake, na moyo unaruka. Ndugu, kiti haiko ushahidi. Rangi haiko ushahidi. Namba ya shasi njo inasema. Mwenye kuendesha leo labda aliinunua kwa pesa yake halali, bila kujua. Muende kwa chefu, muonyeshe namba, musikilizane. Tumeona namna maneno ya "wale waliobaki walikula mali yetu" na "hawa waliorudi wanakuja kutunyang'anya" yanavyokua haraka. Hayo maneno yanaweza kuchoma kijiji kizima, na moto moja haina bei hiyo.

Juu ya kulinda pamoja. Mulituuliza kama ni vizuri kuweka moto zote mahali pamoja, sawa vile wanafanya kwenye parkingi za Goma, na mlinzi wa kulipwa. Sisi tunasema: kwa Goma sawa, hapa mufikiri mara mbili. Moto ishirini katika parseli moja ni habari inayotembea mbali, na mwenye silaha hatazuiwa na mzee mwenye fimbo na tochi. Afadhali nyumba tatu ao nne zinazotazamana, moto zao zifungwe kwenye feri moja, na wenyeji wapeane zamu ya kulala usingizi mwepesi. Kutembea usiku kama ulinzi, hapana. Katika hali hii, vijana wenye tochi gizani wanaweza kudhaniwa kitu kingine. Chochote mutakachopanga, chefu na nyumba kumi wajue mapema.

Kuhusu sanduku la chama: haliwezi kumrudishia mtu moto iliyoibiwa. Tunasema wazi ili kusiwe na lawama. Lakini linaweza kusaidia kabla ya wizi. Kwa mfano, watu 10 wanatoa kila mmoja franka 2 000 kwa wiki: ni 20 000. Wiki hii fulani ananunua sheni na kadena, wiki ijayo mwingine, sawa na likelemba munayoijua. Baada ya wiki 10 hakuna moto inayolala bila kufungwa.

Wenye chukudu na vélo, hatukuwasahau. Kazi ya chukudu ni ya jasho kuliko zote, na yeye haina namba. Chomeni alama yenu kwa chuma cha moto chini ya ubao, pale isipoonekana haraka, na muifunge kwenye feri ile ile.

Na ikitokea? Tusikilizane vizuri hapa. Mtu akija na silaha, toa funguo. Usibishane, usimtaje jina hata kama umemtambua, usimfuate. Moto nyingine inaweza kupatikana, baba wa watoto hapatikani sokoni. Akiwa mwizi bila silaha na mumemkamata, musimpige, musimwagie esansi. Mumpeleke kwa chefu, mbele ya watu. Mtu aliyekufa hawezi kusema mali iko wapi, na mara nyingi aliyepigwa alikuwa mtoto wa mtu tu, aliyepita njia mbaya saa mbaya. Asubuhi pelekeni namba ya shasi kwa chefu na kwa wamotari wa njia zote. Wamotari wanajuana, wanatambua moto kama mchungaji anavyotambua ng'ombe.

Mpaka mkutano ujao tunaomba mambo mawili tu: kila mwenye moto alete namba ya shasi kwa mwandishi, na kila kikundi cha nyumba tatu ao nne kianze shimo lake. Tutapita kuangalia mashimo, na tutashika majembe pamoja nanyi.

 Mungu awalinde, na moto zenu zilale salama.