Mtumishi Mdogo wa Usiku

Leo tutazame kiungo ambacho wengi wetu hatujapata kukisikia kikitajwa. Ndani kabisa katikati ya ubongo wa kila mtu pana tezi ndogo kama punje ya mchele. Jina lake ni tezi ya pineali.

Katika karne ya 17, mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alidhani hapo ndipo makao ya roho. Leo twajua kazi yake ni nyingine. Mwaka 1958 daktari Aaron Lerner na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, walipata kutoka tezi za ng'ombe homoni iitwayo melatonini. Jua likitua, macho huupasha ubongo habari ya giza, na tezi hii huanza kuimimina homoni hiyo katika damu. Hivyo mwili wote huambiwa kwamba usiku umeingia. Kukikaribia kucha, homoni hupungua.

Sisi wa Mwingi tu karibu na ikweta. Mchana na usiku wetu karibu hulingana mwaka mzima. Lakini siku hizi twampinga mtumishi huyu kwa taa kali na kwa simu tunazozitazama kitandani. Nuru hiyo huchelewesha tangazo lake, na asubuhi twaamka tumechoka.

Wako pia wasio na hiari: askari wa usiku, wauguzi, madereva wa malori ya barabara ya Garissa. Hao hujaribu kulala wakati mwili umekwisha kuambiwa kuwa ni mchana, na usingizi wao huwa mfupi. Basi askari wa usiku akisinzia ibadani Jumapili, tusimwite mvivu. Nyumbani tumwekee pazia zito dirishani, na watoto wakachezee mbali. Naye dereva akiona macho yamekuwa mazito, asimame apumzike; abiria tusimharakishe. Kuchelewa kufika ni afadhali kuliko kutofika.

Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale chini ya mti, malaika akampa chakula, naye akalala tena. Ndipo akapata nguvu za safari. Nasi tumhurumie aliyechoka, tuzime taa mapema, na ulinzi wa usiku tumwachie Mungu.

Bwana awape usingizi mwema. Amina.