Jino la Chonge Lisipotoka

Leo tuzungumze juu ya jino moja tu, chonge. Ni lile lenye ncha kwenye kona ya mdomo, la tatu ukihesabu kutoka katikati. Mtu ana chonge nne, mbili juu na mbili chini.

Chonge ya utotoni hutoka mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Ile ya kudumu ya juu huchelewa mpaka miaka 11 au 12. Huanzia mbali, juu karibu na pua, na inapofika chini huwakuta wenzake wamekwisha kukaa. Ni kama abiria wa mwisho wa matatu ya jioni. Ikikosa nafasi huning'inia mlangoni, ndiyo ile chonge unayoiona imechomoza juu ya ufizi kama pembe. Au hubaki ndani ya mfupa, isitoke kabisa.

Hiyo inayobaki ndani ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu haiumi. Mtoto anafika sekondari akiwa bado na kijino cha utotoni, na nyumbani hakuna aliyeshtuka. Kumbe huko ndani chonge inasukuma mzizi wa jino jirani na kuula polepole, mpaka jino zima la mbele linaanza kulegea.

Mama, unaweza kupima mwenyewe. Mtoto akifika miaka 9 au 10, nawa mikono, kisha pitisha kidole juu ya ufizi wa nje, juu ya ile chonge ya utotoni, kulia na kushoto. Unatafuta uvimbe mgumu kama punje ya mahindi. Ukiupata upande mmoja na mwingine hakuna, au mtoto ametimiza miaka 11 na hujagusa kitu, mpeleke kwa daktari wa meno apigwe eksirei. Usingoje maumivu.

Katika umri huo mara nyingi kazi huwa ndogo. Daktari anaweza kung'oa kile kijino cha utotoni peke yake ili kufungua njia. Huko Sweden mwaka 1988 madaktari Ericson na Kurol walitoa habari za chonge 46 za watoto wa miaka 10 hadi 13, zilizokuwa zimeelekea upande wa kaakaa. Baada ya kung'oa jino la utotoni, 36 zilirudi katika njia yake. Ukichelewa, ufizi utapasuliwa, chonge ifungwe mnyororo mdogo, ivutwe kwa nyaya za kunyoosha meno kwa muda unaoweza kupita mwaka. Gharama yake mfuko wa mzazi utaijua.

Sasa kuna chonge nyingine ambazo hazikupotea njia. Ziliharibiwa na mkono wa mtu.

Mtoto wa miezi mitano au sita anapata homa na kuhara. Mtu mzima wa nyumbani anamfungua mdomo, anaona ufizi umetuna na kuwa mweupe pale pa chonge, anasema hayo ndiyo meno mabaya. Tanzania huyaita meno ya plastiki, Uganda ebinyo, na hapa kwetu kila jamii ina jina lake. Anaitwa fundi, anachimba ufizi kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli, na kutoa kitu cheupe na laini. Anasema, "Mnaona funza huyu?" Si funza. Ni jino changa ambalo halijakomaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la East African Medical Journal ulikagua watoto 95 wa Kimaasai wa mashambani Kenya, wa miezi sita hadi miaka miwili, na asilimia 87 walikuwa wameondolewa jino kama hilo. Wala si Wamaasai pekee. Mila husafiri na watu, na Eastlands tumetoka kila pembe.

Chonge ya kudumu imelala hapo hapo kando ya ile changa. Kisu kikiingia, huenda ikatoka na kilema, ikaota upande, au isiote kamwe. Na hayo ni ya baadaye. Siku ile ile mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa ugonjwa kutoka kwa chombo kilichotumiwa kwa mwingine.

Utaniuliza, mbona wengine hupona? Kwa sababu kuhara kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, na fundi akachukua sifa. Umri huo mtoto anaanza uji na kutambaa, anatia kila kitu mdomoni. Mnyonyeshe zaidi, mpe ORS iliyochanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na zinki ya kliniki kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, macho yakidumbukia au akitoa damu, kimbia hospitali.

Nyanya akisisitiza, usigombane naye. Hana nia mbaya. Mwambie, "Mama, twende kwanza kliniki."

Na kama mtoto wako alichimbwa ufizi zamani, usimfiche daktari. Uwe umekwenda Mama Lucy Kibaki au hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ile ya barabara ya Argwings Kodhek, mwambie ni upande gani na alikuwa na miezi mingapi. Chonge isipoonekana kwenye picha, atajua huenda haipo kabisa, wala hatampasua mtoto kuitafuta.