Dhamana ya Asiye na Mshahara

Mwanajeshi wa Uganda akikopa katika chama cha Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005, marejesho hukatwa katika mshahara kabla haujamfikia mkononi. Polisi aliye mwanachama wa Exodus hali kadhalika. Lakini mama auzaye samaki wa chumvi katika soko la Mpondwe, huko Bwera, hana mshahara wa kukatwa. Na shamba, likiwapo, mara nyingi huhesabiwa kuwa la mume. Yeye aweke rehani kitu gani?

Wako wasemao kwamba chama chenye huruma kisidai riba. Maneno hayo yanapendeza masikioni, ila hayajui hesabu. Mkopo wa shilingi 200,000 humlazimu karani kupanda milima ya Rwenzori hadi Ihandiro, kisha kurudi tena kukusanya, na kazi hiyo haipungui ile ya mkopo wa shilingi 5,000,000 wa tajiri wa Kasese mjini. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi: kwa miezi minne ni shilingi 24,000 tu, na nauli ya pikipiki huweza kuzimeza. Ndipo viongozi wa vyama hushawishika kuwakimbilia walimu na wafanyabiashara. Vitabu hunawiri, na mnyonge huachiwa mlanguzi anunuaye kahawa ingali maua.

Fedha za kugawa nazo zilikwisha kujaribiwa. Mpango wa Entandikwa, ulioanza mwaka 1995, wengi waliuona kuwa zawadi ya serikali, na fedha nyingi hazikurudi. Katika chama cha akiba hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kinachopotea ni akiba ya maskini wengine.

Bukonzo Joint, chama cha Kyarumba, kilianza kwa kuweka na kukopa kikaingia pia katika biashara ya kahawa. Wanachama wake wengi ni wanawake, nao hukusanyika katika vikundi vya milimani. Mambo ambayo karani angeyapandia mlima kuyachunguza, jirani huyajua bila nauli: nani mchapakazi, nani mlevi, kahawa ya nani imebeba.

Hata hivyo ujirani hauzuii risasi. Novemba 1996 waasi wa ADF walipoishambulia Mpondwe, watu walikimbia wakaacha mali. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka ikaingia Kasese; Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya Korona; Juni 2023 wanafunzi waliuawa katika shule ya Lhubiriha. Soko likifungwa, deni halilipiki, na kumnadia mkimbizi mbuzi wake si kulinda mtaji. Chama hakina budi kuwa na akiba ya maafa, nayo hutoka katika riba iliyolipwa miaka ya utulivu. Mshahara wa askari haukatiki vita vikizuka. Pato la soko la Mpondwe hukatika siku hiyo hiyo.