Kompyuta Inaposema Kuna Kitu Kimepungua
Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata, Lushoto



Huduma nyingi zilizokuwa zikifuatwa kwa barua na kwa foleni sasa hupitia kwenye kompyuta. Mzazi anayeshughulikia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kwa RITA, na kijana aliyemaliza kidato cha sita anayeomba mkopo wa HESLB, wote hukutana mbele ya mashine ile ile, aghalabu moja tu, iliyo kwenye duka la steshenari la jirani. Mtu wa Mtae au wa Mlola akishuka mjini amekwisha kulipa nauli na kupoteza siku ya shamba. Dirisha la maombi nalo lina siku yake ya kufungwa. Kwa hiyo mashine ile inapokataa kazi, hasara haimfikii mwenye duka peke yake.

Mara nyingi mashine haikatai kimya. Hutoa ujumbe mfupi, kwa Kiingereza, kwamba programu haiwezi kuanza kwa sababu faili fulani halikupatikana. Ujumbe huo ndio kiini cha mazungumzo haya, kwa kuwa namna unavyojibiwa ndiyo huamua iwapo kazi itaendelea baada ya nusu saa au nyaraka za watu zitapotea.

Ni vema kwanza kufahamu maana yake. Seremala hafui bawaba zake mwenyewe. Hupanga mlango, akaacha nafasi ya bawaba nne za inchi nne, akitumaini kwamba duka la vifaa linazo. Bawaba zisipokuwapo, mlango hausimami hata ukiwa wa mbao bora. Waandishi wa programu nao hufanya hivyo hivyo: sehemu zinazotumiwa na wengi hawaziandiki upya, bali huzitegemea zile zilizokwisha kuwekwa kwenye Windows. Sehemu hizo huitwa vijenzi. Ujumbe wa faili lililopungua maana yake ni kwamba mlango umefika ilhali bawaba hazipo, au zipo za kipimo kingine. Programu yenyewe yamkini ni nzima kabisa.

Mfano mmoja ulio maarufu ni faili liitwalo MSVCP140.dll. Mtu akiliona jina hilo, hulitafuta mtandaoni, akakuta tovuti inayogawa faili hilo moja bure, akalipakua na kulitumbukiza ndani ya folda ya Windows. Hapo ndipo penye hatari. Faili la aina hiyo hutekelezwa na mashine kama programu nyingine yoyote, na aliyelipandisha kwenye tovuti ile hajulikani. Linaweza kuwa la kweli, la zamani, au limebebeshwa virusi. Isitoshe, faili hilo lina ndugu zake. Likiwekwa peke yake, ujumbe wa kwanza hutoweka na kuzaa wa pili unaomtaja ndugu mwingine, na fundi hushinda kutwa akiokota faili moja moja.

Njia iliyo sahihi ni fupi zaidi. Faili hilo ni la kifurushi kiitwacho Visual C++ Redistributable, ambacho Microsoft yenyewe hukitoa bila malipo katika tovuti yake. Kifurushi huleta ukoo mzima wa faili kwa pamoja na kuziweka mahali pake. Baada ya kukisakinisha, kompyuta izimwe na kuwashwa tena ndipo programu ijaribiwe.

Lipo hata hivyo swali la kipimo, nalo huwachanganya hata mafundi wazoefu. Windows ipo ya biti 32 na ya biti 64, na programu vilevile. Windows ya biti 64 huweza kuendesha programu za aina zote mbili, lakini kila programu hudai vijenzi vya kipimo chake. Ndiyo sababu kwenye mashine ya biti 64 inafaa kusakinisha vifurushi vyote viwili, cha x86 na cha x64. Cha kwanza ndicho cha biti 32. Aliyeweka cha x64 pekee hushangaa kuona programu yake ya zamani bado inalalamika. Na aliyeokota faili la kipimo kisichofaa akaliweka kwa mkono huletewa namba 0xc000007b, ambayo aghalabu ni dalili kwamba vipimo viwili vimechanganywa. Jambo la ajabu, na Microsoft ndiyo ya kulaumiwa kwa hili, ni kwamba katika Windows ya biti 64 folda iitwayo System32 ndiyo iliyo na faili za biti 64, na ile iitwayo SysWOW64 ndiyo iliyo na za biti 32. Hakuna mtu mwenye akili timamu angekisia hivyo, na hiyo ni sababu tosha ya kutoweka faili kwa mkono.

Kosa la upande wa pili ni la watu wapendao usafi. Wakifungua orodha ya programu zilizosakinishwa, huona jina hilo la Visual C++ limejirudia mara sita au saba, la mwaka 2005, 2008, 2010, 2012, 2013 na kuendelea, wakadhani ni takataka, wakafuta. Si takataka. Kila toleo hutumikia programu zilizoandikwa kwa toleo hilo, na jipya halichukui nafasi ya zee, isipokuwa kuanzia lile la 2015, ambapo matoleo yaliyofuata yaliunganishwa katika kifurushi kimoja. Yaachwe yalivyo.

Kijenzi kingine kinachosumbua ofisi na maduka ni .NET Framework 3.5. Programu nyingi za zamani za hesabu na za stoo hukihitaji. Kwa kawaida Windows 10 haiji nacho kikiwa kimewashwa; hukitafuta kwenye mtandao pindi kinapohitajika. Katika miji yenye intaneti ya kasi jambo hili halionekani. Katika vijiji vya milimani, ambako bando hununuliwa kwa kupimwa na mtandao huja na kupotea, upakuaji hukatika katikati, na namba 0x800F0906 hutokea. Maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kupakua faili.

Dawa yake haihitaji intaneti hata kidogo. Faili zile zimo katika diski au flashi iliyotumika kusakinisha Windows, ndani ya folda ya sources, katika folda ndogo iitwayo sxs. Fundi huchomeka flashi hiyo, akafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, akaandika mstari huu, akibadilisha herufi D iwapo flashi imepewa herufi nyingine:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:D:\sources\sxs /limitaccess

Sharti ni moja: flashi iwe ya toleo lile lile la Windows lililomo katika mashine. Flashi ya toleo tofauti hurudisha kosa la namba 0x800F081F, na mtu akadhani dawa haifanyi kazi. Duka au ofisi yenye flashi moja iliyotunzwa vizuri, yenye faili hizo pamoja na vifurushi vya Visual C++ vilivyopakuliwa mara moja kutoka kwa Microsoft, haina haja ya kununua bando kila mashine inapogoma.

Kuna matatizo yanayofanana na haya kwa sura, lakini chanzo chake ni kingine kabisa. Kivinjari kinapokataa kufungua tovuti ya huduma kikidai kwamba si salama, wengi hukimbilia kusakinisha upya. Kabla ya hapo, itazamwe tarehe iliyo pembeni mwa kioo. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, aghalabu CR2032 ya volti 3, inayotunza saa umeme unapozimwa. Betri hiyo ikichoka, kila umeme ukikatika kompyuta huamka ikiamini kwamba ni miaka mingi iliyopita. Hati ya usalama ya tovuti ina siku ya kuanza na siku ya kwisha; kompyuta inayojiona iko mwaka 2009 huikataa kwa kuwa kwake yeye hati hiyo bado haijaanza. Tarehe ikirekebishwa na betri ikabadilishwa, ugonjwa umekwisha. Na kama tarehe ni sahihi, iulizwe Windows ni ya ngapi: Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa mwaka 2023, baada ya toleo la 109, hivyo mashine hizo zimebaki na kivinjari kisichosasishwa tena.

Printa nazo zina kisa chao. Programu inayoiunganisha printa na Windows, iitwayo kiendeshi, haina ule uvumilivu wa programu za kawaida: kiendeshi cha biti 32 hakifanyi kazi kamwe katika Windows ya biti 64. Anayenunua printa iliyotumika aulize kwanza kama mtengenezaji ametoa kiendeshi kwa ajili ya Windows aliyo nayo.

Sasa ifikiriwe ile tiba ambayo mafundi wengi huianza badala ya kuimalizia, yaani kupiga Windows upya. Kwa hakika huondoa tatizo. Lakini diski ikisafishwa, huondoka pia kila kilichowekwa kwenye kioo cha mbele na katika folda ya nyaraka. Katika mashine ya steshenari mna vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa skana, namba za vitambulisho vya NIDA, barua za maombi, mitihani ya shule iliyoletwa kuchapwa. Vingi vya hivyo havina nakala nyingine. Mteja anayo haki ya kuuliza, na fundi anao wajibu wa kujibu, kama nakala imekwisha kuwekwa kwenye diski nyingine kabla ya kazi kuanza. Kadhalika, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu pia mwenye duka anayehifadhi taarifa za watu. Diski ya nakala haifai kuachwa mezani.

Wapo wanaouliza kwa nini jumbe hizi zisije kwa Kiswahili. Inawezekana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na baadaye Microsoft ikatoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows. Hata hivyo kifurushi cha lugha nacho ni kijenzi, na kina masharti yale yale: kilichotolewa kwa Windows 7, mathalani, hukaa juu ya Windows ya Kiingereza, na lazima kilingane na toleo na biti za mashine. Mtu aliyepakua cha Windows 7 akakiweka katika Windows 10 asilaumu lugha.

La mwisho ni la Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida kwa toleo hilo. Mashine hazikuzimika siku hiyo, wala vijenzi vilivyomo havikufutika. Kilichosimama ni marekebisho ya usalama ya bure kwa kila mtu, na kadiri miezi inavyopita waandishi wa programu nao wataliacha. Windows 11 hudai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kichakataji kilicho katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha nane. Kompyuta nyingi zilizoletwa nchini zikiwa zimetumika ni za kabla ya hapo. Zipo njia za kulazimisha, lakini Microsoft haiahidi kuipatia mashine iliyolazimishwa marekebisho yajayo. Kwa duka ambalo kazi yake kubwa ni kufungua tovuti za huduma na kuchapa barua, mashine ya namna hiyo inaweza kuwekewa Linux na LibreOffice, ambazo hazina malipo, na kuendelea kwa miaka. Kwanza ijaribiwe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, printa ikiwa imechomekwa, ionekane kama itachapa.