Ukifukuzwa kwa sababu ulikataa



Tunaongea leo juu ya jambo ambalo kwetu linasemwa kwa sauti ya chini. Tuko wengi wenye diploma mkononi, kazi hakuna. Zilizopo ni za ONG, shule na vituo vya afya, na shefu anajua hilo. Anakuita biro wakati wenzako wametoka, anakukumbusha kwamba kontra yako iko mkononi mwake. Ukikataa, baada ya wiki mbili unapewa karatasi: kazi imekwisha.

Si Baraka peke yake. Kule Beni na Butembo, wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, wanawake walieleza jinsi walivyodaiwa ngono ili wapate kazi au wabaki nayo. Tume huru, Mama Julienne Lusenge akiwa mmoja wa wenyeviti wake wawili, ilitoa ripoti Septemba 2021: kati ya watu 83 walioshukiwa, 21 walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe.

Sasa, sheria inatupa milango miwili, na watu wengi wanaichanganya.

Mlango wa kwanza ni wa jinai. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inasema anayemsumbua mtu tena na tena kwa maneno, vitisho au kwa nguvu ya cheo chake ili apate ngono anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 12. Lakini kesi haianzi mpaka wewe mwenyewe ushtaki. Wala sisi hatuwezi kushtaki kwa niaba yako. Na OPJ hana ruhusa ya kupokea faini ili afunge dosie, hata akikuambia ndiyo desturi ya hapa.

Mlango wa pili ni sheria ya kazi ya 2002, na huu ndio watu wanausahau. Kifungu cha 73 kinahesabu usumbufu wa kingono wa mwajiri kuwa kosa zito. Maana yake unaweza kuacha kazi siku hiyohiyo bila préavis, ila umwandikie ndani ya siku 15 za kazi tangu ulipojua kosa. Kama ni yeye amekufukuza, kifungu cha 62 kinasema kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kukutoa. Tribinali inaweza kuamuru urudishwe kazini, ikishindikana ulipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Kwanza lazima upite kwa inspekta wa kazi, awapatanishe. Mkishindwa kupatana, PV yake ndiyo tiketi yako ya kwenda tribinali. Na usikae: ukidai mshahara ambao hukulipwa, una mwaka mmoja tu.

"Lakini kontra yangu ilifika tarehe yake." Hapo wengi wanakata tamaa bure. Hesabu kontra zako! Kwa kawaida mwajiri mmoja hawezi kukupa zaidi ya kontra mbili za muda maalum. Ukiwa kwenye ya tatu, sheria inaweza kukuhesabu kuwa mfanyakazi wa kudumu. Kibarua naye, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili na akaitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anaingia humohumo. Huna karatasi? Ujumbe wa WhatsApp, ujumbe wa malipo kwenye simu, mwenzako aliyekuona kazini, vyote ni ushahidi. Usifute hata ule unaokutia aibu. Na barua ya kujiuzulu aliyokuandalia shefu, usiisaini.

Tunajua mtasema: Uvira mbali, njia mbaya, avoka anataka pesa. Ni kweli, na hatutawadanganya kwamba ni rahisi. Lakini mji huuhuu, Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilihamia hapa ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa yaliyowapata wanawake wa Fizi siku ya Mwaka Mpya. Hatulinganishi makosa. Wanawake wale walisema wakati aliyeshtakiwa alikuwa kamanda mwenye bunduki. Shefu wa biro ana kalamu na muhuri.

Mwenye karatasi zake, abaki baada ya mkutano. Dada wawili wetu waliosoma sheria watazisoma pamoja naye, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Wanaume watangulie nje.